Namba Iliyoandikwa Kabla

Chukueni kikokotoo. Andikeni pai, muizidishe kwa yenyewe mpaka ziwe pai tano, halafu zidisheni kwa sita. Mtapata 1836.12. Sasa fungueni jedwali la chembe ukutani: protoni ni nzito kuliko elektroni mara 1836.15. Mmeona? Mgeni yeyote akiona hivyo moyo unamruka. Wangu pia uliruka, nikiwa msichana wa mwaka wa kwanza. Ilibidi nikae kitako kabla ya kukumbuka kwamba protoni imepimwa mpaka tarakimu nyingi baada ya hizo, na kwamba tofauti ile ndogo, kwa watu wanaopima vizuri, ni kubwa kama ziwa letu.

Ninyi wasaidizi wapya mliochukua biro yangu, yaani ofisi yangu, ya fizikia hapa Kalemie mtaletewa namba kama hizo, mpende msipende. Mimi niliajiriwa kufundisha. Cheo changu kilikuwa shefu wa kazi, kwa Kifaransa chef de travaux, chini kidogo ya profesa, watu wakakifupisha wakaniita Mama CT hata sokoni. Lakini kila mtu aliyefika kwenye taasisi akisema amegundua siri ya ulimwengu, sekretari alimwonyesha mlango wangu. "Nenda kwa Mama CT," alisema, "yeye hafukuzi mutu."

Ni kweli, sikufukuza mtu. Alikuja fundi wa reli mwenye mafuta ya mashine kucha zote. Alikuja mchungaji aliyetoa uzito wa chembe katika umri wa watu wa Agano la Kale, na alipokosa tarakimu moja akanilaumu mimi kwa kukosa imani. Alikuja sista aliyetumia hesabu ya mishono ya kufuma. Wote walivutwa na jambo moja, kama ndagala wanavyovutwa na taa za wavuvi. Tunajua chembe hizi zina uzito gani kwa sababu tumezipima, lakini hakuna nadharia iliyokubaliwa inayotuambia kwa nini namba ni hizo na si nyingine. Jedwali limejaa namba zisizo na sababu. Mtu mwenye akili na jioni tupu akiliangalia jedwali hilo, hawezi kuliacha.

Msiwacheke. Wengi wao walikuwa werevu kuliko wanafunzi wangu, na walifanya hesabu zao bila kulazimishwa na mtihani. Kazi yenu ni kuwaonyesha mahali hesabu ilipoanza kuwadanganya.

Hilo nilijifunza kwa kosa langu. Katika mwaka wangu wa pili wa kazi alikuja mzee aliyekuwa karani bandarini, mtu nadhifu, suruali imepigwa pasi mpaka mstari unakata. Nadharia yake ilitoa uzito wa protoni kwa kupanga pembetatu. Nikamwambia, "Vizuri, Papa. Sasa jaribu muoni, ndugu mzito wa elektroni." Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi namba anayopaswa kuifikia. Jedwali linasema muoni ni nzito kuliko elektroni mara 206.768. Mimi nilikuwa na haraka ya kuingia darasani, nikapindua tarakimu, nikaandika 208.676. Sikujua nimefanya hivyo.

Baada ya wiki mbili alirudi mbio.

"Mama CT, imetoka!"

"Imetoka, Papa?"

"Yote! Mupaka tarakimu ya mwisho! Hakuna iliyobaki inje!"

Nilizipitia kurasa zake tano. Sikuona kosa hata moja la hesabu. Nikatoa jedwali nipate kumpongeza vizuri. Namba aliyoifikia ilikuwa ile yangu ya makosa.

Nilimwambia aniachie karatasi, nikaenda kwa profesa wangu, mzee aliyenitangulia katika biro ile. Alisoma, akavua miwani, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Binti yangu, sasa una chombo kizuri kuliko vyote vya maabara."

"Papa Profesa, nimemdanganya mzee wa watu."

"Umemdanganya bila kukusudia, na yeye amekujibu bila kukusudia. Ungemwandikia namba ya nyumba yako angeifikia. Mwambie kesho. Na usimwambie ukiwa umesimama mlangoni, keti naye."

Niliketi naye. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza polepole, "Na ile ya protoni? Ile nayo nilipapasa tu?" Nikasema ndiyo. Alizikunja karatasi zake kwa mistari ileile ya zamani, akashukuru, hakurudi tena. Baadaye nilikuwa nikimwona bandarini, akinivulia kofia kwa mbali kama mtu anayepisha jeneza.

Kwa hiyo, cha kwanza kuchunguza si mahesabu. Mahesabu ya wageni wengi ni sahihi. Hesabuni vitu ambavyo mgeni alichagua mwenyewe. Kwa nini alipiga mraba hapa? Kwa nini aligawa kwa tatu pale, na si kwa nne? Kila mahali ambapo angeweza kuchagua vingine ni kama kifundo cha redio. Mwenye vifundo vinne akikuletea namba mbili, hajagundua kitu, amezungusha tu mpaka stesheni imeshika. Muulizeni, "Mbona tatu?" na mpeni nafasi ajibu. Jibu litakuwa zuri daima. Hapo ndipo pa kuangalia, kwa sababu jibu zuri hupatikana kwa tatu, na lingepatikana kwa nne.

Siku hizi kuna jambo lililonikuta mwishoni, nanyi mtalala nalo. Wageni wengi hawaji tena na karatasi, wanaandika na programu ya simu inayojibu kama mtu. Inawapangia nadharia kwa Kifaransa kizuri, inawaambia kila ukurasa kwamba wako karibu na ugunduzi mkubwa. Kijana mmoja aliniletea kurasa mia moja ndani ya simu. Nikamwambia aiandikie simu yake kwamba muoni ni 208.676. Iliifikia namba hiyo hapo hapo, tena ikampongeza. Kijana aliitazama ile simu kama mtu aliyeona mke wake anamchekea mwingine. Simu ilinifundishia siku ile kwa dakika moja jambo lililonigharimu yule karani.

Swali la mwisho ndilo lenye nguvu kuliko yote, na ndilo ninalotaka mlishike kwa uangalifu. Namba iliandikwa lini? Kufikia namba ambayo tayari iko jedwalini si kitu. Lakini mtu akiandika uzito wa chembe kabla haijapatikana, halafu ipatikane na uzito uleule, hapo hata mimi ningefunga biro nikakimbilia posta. Kwa hiyo niliwauliza wote, "Kaye ya zamani iko wapi?" Sisi huku daftari tunaliita kaye. Na kaye zote za zamani, ndugu zangu, zilikuwa zimepatwa na msiba. Zimeungua. Zimeliwa na mchwa. Shemeji alikwenda nazo Lubumbashi. Ziwa Tanganyika lingekauka, tungeokota chini yake kaye nyingi za fizikia kuliko samaki. Nilikuwa nasikia hivyo natabasamu, najua kazi imekwisha kwa amani, bila mtu kuumia.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja Mwalimu Kisimba.

Alikuja kwa mguu kutoka Katanika, alikokuwa anaishi chini ya hema na mke wake, Mama Feza, tangu walipokimbia vita kijijini kwao huko mbele ya Nyunzu. Kule alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari. Alinawa miguu kwenye bomba la uani kabla ya kuingia, akavaa viatu alivyovibeba mkononi, akabisha hodi. Nadharia yake ilikuwa imeandikwa nyuma ya karatasi za orodha za mgao wa chakula, kwa mwandiko wa ubaoni, mnyoofu.

Alisema kila chembe ni uzi uliokunjwa ndani ya sanduku. Ukihesabu mikunjo unapata namba, na mwishoni unazidisha kwa nane. Kwa njia hiyo alikuwa amepata uzito wa ile chembe iliyotafutwa Ulaya miaka mingi mpaka ikapatikana. Kwa kipimo cha wanafizikia ni mia na ishirini na tano na kidogo. Yake ilitoka mia na ishirini na tano na theluthi.

"Mbona nane, Mwalimu?"

"Pembe za sanduku, Mama. Hesabu." Akanisogezea sanduku la chaki.

Nilihesabu, kwa heshima. Zilikuwa nane.

"Na kazi hii uliianza lini?"

"Zamani. Nilikuwa sijaoa bado. Mapadri walikuwa na gazeti la sayansi, lilisema chembe hiyo wanaitafuta, hawajui uzito wake."

"Yaani kabla hawajaipata?"

"Kabla, Mama."

Nilikaa sawa kitini. "Uliandika wapi?"

"Kwenye kaye ya maandalio." Akanieleza jambo ambalo nililijua, maana nami nimefundisha sekondari: kila wiki mwalimu hupeleka kaye ya kutayarishia masomo kwa mkuu wa shule, prefe, naye hutia saini, tarehe na muhuri kwenye ukurasa. Kisimba hakuwa na karatasi nyingine, akawa anafanyia utafiti wake pembeni mwa masomo. "Prefe alinigombeza. 'Kisimba, haya madudu njo somo la darasa gani?' Lakini alisaini."

Tulicheka wote wawili. Saini na tarehe ya prefe, kwenye ukurasa uleule! Hakuna mgeni aliyewahi kuwa na shahidi kama huyo.

"Kaye yenyewe iko wapi?"

"Kwetu. Siku ya kukimbia niliifukia pamoja na vyeti, ndani ya kantini, sanduku la bati, chini ya jiko."

"Basi ilete, Mwalimu. Nikiona hesabu hii na saini ya prefe, nitakusainia siku hiyohiyo barua ya kwenda kwa maprofesa wa Lubumbashi."

Alizikusanya karatasi zake.

"Lazima kaye, Mama?"

"Lazima. Bila kaye uko kama wale wengine wote."

Nilisema hivyo kwa upole, kwa sauti ninayotumia kumtia moyo mwanafunzi kabla ya mtihani. Nilimsindikiza mpaka uani. Habari za njia za kule nilikuwa nazijua, kila mtu Kalemie alizijua, tulikuwa tunazisikia kila asubuhi kama tunavyosikia habari za mvua. Sikumtajia njia. Nilikuwa nafikiria muhuri wa prefe.

Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi moja Mama Feza alifika nyumbani kwangu na mwanamume anayesukuma baiskeli, mchuuzi wa mafuta ya mawese aitwaye Kabwe. Mama Feza alikuwa amejifunga kitambaa cheusi cha msiba. Niliona kitambaa kabla ya kuona uso wake, nikashika mlango.

Waliketi barazani. Kabwe ndiye aliyesema. Yeye na Mwalimu walipanda treni pamoja mpaka Nyunzu, kutoka pale wakaenda kwa mguu.

"Kufika tulifika muzuri. Nyumba iliungua, jiko likabakia. Alichimba na mikono, hakutaka nimusaidie. Kantini ikatoka na kutu. Alifurahi, Mama, ungesema muntu wa harusi. Kurudi, tukakuta bariere, wamefunga njia. Vijana wenye bunduki. Mimi walichukua mawese wakaniambia nikae chini. Yeye wakafungua kaye. Wakaona zile alama. Wakasema hii njo karte, ramani, unapeleka njia zetu kwa adui."

"Akawajibu nini?"

"Alianza kuwafasiria."

"Kuwafasiria nini, Papa Kabwe?"

"Uzi. Sanduku. Alichukua kijiti akachora chini. Mumoja alikuwa anasikiliza, hata aliuliza swali. Yeye akachangamuka, akafuta, akachora tena muzuri zaidi. Yule mukubwa wao akasema, huyu anatucheka." Kabwe aliangalia gurudumu la baiskeli yake. "Nilimuvuta shati, Mama. Nilimuambia, Mwalimu, sema hujui kusoma. Hakunisikia. Kaye waliitupa kwenye majani. Waliponiachilia, njo nikaiokota."

Mama Feza alifungua fundo la kanga aliyobeba, akaniwekea kaye magotini. Jalada lilikuwa limevimba kwa unyevu. Nilitafuta ukurasa. Katikati kulikuwa na somo la milinganyo la darasa la nne la sekondari, chini yake saini ya prefe, tarehe na muhuri, vyote vinasomeka. Tarehe ilikuwa ya kabla chembe haijapatikana, kama alivyosema. Na pembeni, kwa herufi ndogo, uzi, sanduku, mikunjo, kila hatua kama alivyonionyesha. Isipokuwa hatua ya mwisho. Hapakuwa na nane. Alikuwa amezidisha kwa tisa, na sababu ameiandika: pembe nane za sanduku, pamoja na kitovu chake. Ilikuwa sababu nzuri sana. Jibu lilikuwa mia na arobaini na moja, limepigwa mistari miwili chini.

Mnaelewa. Ulaya walipotangaza mia na ishirini na tano, kitovu kikaondoka.

"Njo yenyewe, Mama CT?" Mama Feza aliuliza.

Nawaambia ukweli, nilifikiri kusema ndiyo. Hakuna ambaye angenisahihisha barazani pale. Lakini kazi yangu yote, tangu karani yule, ilikuwa kuketi na watu na kuwaambia.

"Hesabu ndiyo hii, Mama Feza. Lakini namba ni nyingine. Yeye aliandika mia na arobaini na moja. Walipopima, wakapata mia na ishirini na tano."

Aliitikia kwa kichwa polepole, bila kushangaa.

"Alisema hivyo."

"Alisema? Lini?"

"Siku ile alitoka kwako. Hakukula. Akaniambia, kaye ya kule iko na namba ingine. Nikamuambia, basi muambie huyo mama kaye iliungua. Nani atabisha? Vyetu vyote viliungua. Akasema hapana, ameomba kuiona." Alinyoosha kitambaa chake juu ya goti. "Nikamuuliza, sasa unafuata kitu cha kukuumbua? Akanikasirikia. Akasema miye sijui kazi ya watu wa hesabu."

Hakunilaumu. Ningependa kuwaambia kwamba alinilaumu. Alisema tu, "Aliniambia utasaini."

Niliingia ndani nikachukua karatasi. Niliandika kwamba nimeiona kaye ya Mwalimu Kisimba, yenye saini ya mkuu wa shule, iliyoandikwa kabla chembe ile haijapatikana. Kwamba uzito alioutabiri ni mia na arobaini na moja na si sahihi. Na kwamba katika miaka yangu yote ya kazi ni kaye pekee ya namna hiyo niliyoletewa. Nikatia saini, nikamsomea kwa Kiswahili. Alinisimamisha mara moja, nikafikiri ni kwa ajili ya "si sahihi," nikawa tayari kuifuta. Lakini alitaka niongeze kwamba alifundisha miaka kumi na saba na hakuwahi kuchelewa darasani. Nikaongeza. Aliikunja barua, akaondoka nayo na kaye yake, Kabwe nyuma yake na baiskeli tupu.

Sikumaliza mwaka ule vizuri. Wageni waliendelea kuja, nami niliendelea kuketi nao, lakini kila nilipofika kwenye swali la kaye ulimi ulikuwa mzito.

Bado ni swali zuri, msiliache kwa sababu yangu. Bila hilo mtakubali kila kitu, na wageni wenu watazeeka wakizungusha vifundo. Ila jifunzeni kuliuliza vizuri kuliko nilivyoliuliza. Nilimuuliza Kisimba ameanza lini. Nilimuuliza kaye iko wapi. Sikumuuliza, pale pale, akiwa amekaa mbele yangu na sanduku la chaki mkononi: siku ile ya kwanza, Mwalimu, namba yenyewe ilitoka ngapi?

Angeniambia.